Zamu ya Usiku, Nje ya Ramsey

Binti yangu Ndeshi, mdomo umejaa mkate, aliniuliza:
baba, watu wote tukifa, nani atabaki azime pampu?
Nikacheka. Hakuna wa kuzima, mwanangu.
Zitazimika zenyewe dizeli ikikauka,
siku ya nne, au ya tano mvua isiponyesha.

Sasa ni saa tisa usiku, na sicheki.
Nimekaa kwenye kibanda cha matofali.
Nchi hii ni tambarare kama sinia,
na mto, niamini, unapita juu ya kichwa changu,
umeshikiliwa na tuta la udongo na mshahara wangu.

Waliikausha kwa majembe, kwa upepo, kisha kwa mvuke.
Udongo mweusi ukasinyaa, ukadidimia.
Kule Holme walizika nguzo ya chuma mpaka utosini;
leo imesimama nje, mara mbili ya kimo changu na ushei.
Nguzo haikupanda.
Ni sisi tulioshuka.

Aliyenipokea kazini ni Wilf Gotobed.
Ni jina la ukoo, sikulitunga: maana yake Nenda-Kalale.
Hakunipa hekima yoyote. Alinipa mkebe wa grisi
na ufunguo namba ishirini na nne.

    Pampu zikinyamaza, maji hayaombi radhi,
    Siku tatu yajijaza, yadai yote ardhi,
    Viazi vyanza kuoza, hakuna wa kuhifadhi,
    Mgeni nenda salama, mwenyeji apate pona.

Atakayetangulia ni mkunga, yule samaki mrefu kama kamba,
atateleza usiku kwenye majani yaliyolowa
kutoka mtaro hadi mtaro.
Kwetu mkunga ni samaki, na mkunga ni mzalishaji;
basi atakuja na kazi zake zote mbili.
Matete yatatoboa lami ya kituo cha mafuta.
Korongo watataga mahali palipokuwa na rafu ya magazeti.
Kulungu wadogo walioletwa kutoka Uchina
watabaki, na hakuna atakayewauliza makaratasi.

Lakini usinichoree pepo.
Kondoo tuliwafuga mpaka wakasahau kumwaga manyoya;
watabeba sufu yao ikilowa, ikilowa,
wazame wakiwa wima.
Matangi ya sumu ya magugu yatavuja miaka na miaka.
Mbwa wa Bi Thirza, mwenye pua bapa, asiyeweza hata kuzaa bila daktari,
atakaa mlangoni akisubiri.
Na chawa wa kichwani, tuliyemchana na kumlaani,
ndiye atakayekufa nasi wiki hiyo hiyo.
Hatuna rafiki wa dhati kuliko huyo.

Ukutani, karibu na lango la bodi ya mitaro,
mtu aliandika kwa rangi nyekundu: RUDI KWENU.
Nilikisugua kwa dizeli, kikabaki kivuli.
Nimetoka Moshi, kwenye pampu za miwa,
nikaja kwenye pampu za viazi sukari;
utamu ule ule, matope mengine.
Usiku kama huu nayasoma yale maneno
kana kwamba yameandikwa na maji,
na hayamwambii Mchaga peke yake.

Kuna ndege humu matetini.
Simjui kwa Kiswahili; wala wazazi wangu hawakuwahi kumhitaji.
Hulia kama mtu anayepuliza mdomo wa chupa tupu.
Nimemwita mpuliza-chupa.
Ndeshi analitumia jina hilo, na mama yake, basi.
Tukiondoka, ndege atanenepa.
Atalia mpaka kuche, atajaza nchi nzima vifaranga.
Mpuliza-chupa ndiye atakayekufa.

Saa kumi kasorobo. Kipimo kimepanda sentimita mbili.
Nanyanyuka, magoti yanalia,
nawasha ya pili.